Chanda chema huvikwa pete: Kwa nini walimu na wanafunzi wa usanifu wa mandhari hutuzwa

MVUA ya masika ya mwaka 2024 iliwaacha Wakenya wengi na kilio. Zaidi ya watu 200 walifariki nchini, maelfu ya familia zikapoteza makao, na jijini Nairobi mito ilivunja kingo zake na kuingia katika nyumba za wakazi wa Mathare na Mukuru. Maji yalipopungua, lawama zilielekezwa kwa mvua, kwa mitaro iliyoziba na kwa nyumba zilizojengwa kando ya mito.

Ni wachache waliouliza swali jingine: ni nani anayefunzwa chuoni kutambua maji ya mvua yatapita wapi, kabla ya jiwe la kwanza la msingi kuwekwa?

Mmoja wao ni msanifu wa mandhari. Taaluma yake haifahamiki sana, na wanaoifundisha hawafahamiki kabisa. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa sasa, vyama vya taaluma hii duniani vimekuwa vikitoa tuzo kwa walimu, watafiti na wanafunzi wake bora. Tuzo hizi ni zipi, hutolewa vipi, na zina faida gani kwa mkazi wa kawaida anayeogopa wingu jeusi likitanda?

Si kupanda maua tu

Wengi wakisikia neno mandhari hufikiria nyasi zilizokatwa vizuri na maua mbele ya hoteli. Kazi hii ni pana kuliko hivyo. Msanifu wa majengo huchora nyumba, naye mhandisi hukokotoa uzito ambao daraja litabeba. Msanifu wa mandhari hushughulikia ardhi yenyewe: mteremko wake, udongo wake, njia za maji, miti, vijia vya wapita njia, viwanja vya watoto, makaburi, na hata machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi baada ya kampuni kuondoka.

Taaluma hii ilipata sura yake ya kisasa jijini New York, Marekani, baada ya Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux kushinda shindano la kubuni bustani ya Central Park mwaka 1858. Chama cha wasanifu wa mandhari wa Marekani kiliundwa mwaka 1899, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Harvard kikaanzisha kozi rasmi ya somo hilo. Shirikisho la kimataifa la wasanifu wa mandhari, IFLA, lilizaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1948 chini ya rais wake wa kwanza, Geoffrey Jellicoe.

Kenya nayo haikuachwa nyuma. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilichoko Juja hufundisha shahada ya somo hili. Chama cha wasanifu nchini, AAK, kilichoanzishwa mwaka 1967, kina tawi la wasanifu wa mandhari. Mnamo Septemba 2023, Nairobi iliandaa kongamano la dunia la IFLA kwa ushirikiano na jiji la Stockholm, Uswidi.

Kazi isiyoonekana

Ili kuelewa ni kwa nini tuzo zina uzito katika taaluma hii, ni lazima kwanza kuelewa tabia ya kazi yenyewe.

Jengo linapokamilika, utepe hukatwa, picha hupigwa na kila mtu huliona. Bustani siku ya kufunguliwa huwa na miche iliyoshikiliwa na vijiti, udongo mtupu na ahadi. Kivuli chake huja baada ya miaka 20 au 30, wakati ambapo aliyeichora huenda amestaafu au amekufa.

Isitoshe, mafanikio makubwa ya kazi hii mara nyingi ni jambo ambalo halikutokea. Bwawa dogo lililochimbwa mahali panapofaa hupokea maji ya mvua, na mtaa ulio chini yake hulala salama. Hakuna mwanahabari anayetumwa kuripoti mafuriko ambayo hayakufika.

Mwalimu wa somo hili yuko mbali zaidi na sifa. Matunda yake huonekana kupitia mikono ya mwanafunzi, naye mwanafunzi huhitaji miongo miwili ili mti wake ukue. Mtafiti aliyepima kiasi cha maji kinachonywewa na udongo wa bonde fulani huishia kuwa jedwali katika ripoti. Bila utaratibu maalumu wa kuwatambua, watu hawa wangefanya kazi yao maisha yote bila kusikia asante.

Tuzo zenyewe

Chombo kinachoshughulikia jambo hili kwa upana zaidi ni Baraza la Walimu wa Usanifu wa Mandhari, linalojulikana kama CELA, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1920 huko Marekani. Baraza hilo huwatuza wahadhiri kwa ufundishaji, kwa utafiti na kazi za ubunifu, na kwa mafunzo yanayofanyika huku wanafunzi wakiihudumia jamii. Wanafunzi nao wana tuzo zao.

Jambo la kupendeza ni kwamba walio mwanzoni mwa safari hawashindanishwi na vigogo. Mhadhiri chipukizi huwekwa katika kundi lake, naye profesa mwenye uzoefu katika kundi lake. Sababu iko wazi. Kijana anayejaribu mbinu mpya darasani anahitaji kutiwa moyo mapema, kabla hajakata tamaa na kwenda kutafuta mshahara mnono katika kampuni.

Aidha, kuna tuzo ya ufundishaji wa studio. Studio ndiyo moyo wa masomo haya. Humo mwanafunzi hupewa kipande halisi cha ardhi, aidha ukingo wa mto, uwanja wa shule au soko, na kutakiwa apendekeze namna ya kukitengeneza. Kisha hubandika michoro yake ukutani na kuitetea mbele ya walimu na wenzake. Mwalimu wa studio hafanyi kazi ya kusahihisha majibu, kwa kuwa jibu moja sahihi halipo. Kazi yake ni kuuliza: mvua ikinyesha usiku kucha, maji haya yataenda wapi? Mama aliyebeba mtoto atapita wapi? Nani atafagia hapa?

Chama cha Marekani, kwa upande wake, hutoa nishani ya ualimu yenye jina la Jot D. Carpenter, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Kwa wanafunzi, wakfu wa taaluma hiyo nchini Marekani ulianzisha mwaka 2008 mpango uliopewa jina la Olmsted. Walimu wa kila chuo huteua wanafunzi wao wenye dalili za uongozi, na washindi wa kitaifa hupata dola 25,000 kwa wa uzamili na dola 15,000 kwa wa shahada ya kwanza. Hapa alama za mtihani pekee hazitoshi. Majaji hutaka kujua mwanafunzi ana wazo gani la kuifaa jamii.

Juu ya zote hizo iko tuzo ya IFLA yenye jina la Jellicoe, inayomtambua mtu kwa mchango wa maisha yake yote. Mshindi wa kwanza, mwaka 2005, alikuwa Mmarekani Peter Walker. Tuzo nyingine kubwa ina jina la Cornelia Hahn Oberlander, msanifu wa Canada aliyefariki mwaka 2021. Hutolewa kila baada ya miaka miwili na huambatana na dola 100,000. Aliyeipokea kwa mara ya kwanza, mwaka huo huo wa 2021, ni Julie Bargmann, mwalimu wa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Virginia ambaye amejitolea kufufua ardhi iliyoharibiwa na viwanda na migodi.

Mwalimu, mwanafunzi na kijito kilichozikwa

Faida ya kuwatambua walimu huonekana vyema mtu akifuata mnyororo mmoja kutoka mwalimu hadi mwanafunzi.

Ian McHarg alizaliwa Scotland na kuhamia Marekani, ambako katika miaka ya 1950 alianzisha idara ya usanifu wa mandhari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Aliwafundisha wanafunzi wake kuchora ramani za sehemu moja kwenye karatasi zinazopenya mwanga: moja ya udongo, nyingine ya maji, nyingine ya misitu, nyingine ya miteremko. Karatasi hizo zikipandishwa moja juu ya nyingine, mahali pa kujenga na mahali pa kuacha hujitokeza penyewe. Mwaka 1969 alieleza mbinu hiyo katika kitabu, nayo ikawa miongoni mwa misingi ya ramani za kompyuta zinazotumiwa leo na wapangaji wa miji. McHarg alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sanaa ya Marekani mwaka 1990 na Tuzo ya Japani mwaka 2000. Alifariki mwaka 2001.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Anne Whiston Spirn. Kuanzia mwaka 1987, Spirn alielekeza utafiti wake magharibi mwa jiji la Philadelphia, katika mtaa wa watu weusi wenye kipato cha chini. Hapo zamani palipita kijito kiitwacho Mill Creek. Katika karne ya 19 kijito hicho kilifungiwa ndani ya bomba kubwa la majitaka, kikafukiwa, na nyumba zikajengwa juu yake. Wakazi wapya hawakujua kuna mto chini ya vyumba vyao. Lakini maji hayasahau njia. Ardhi ilititia, kuta zikapasuka, nyumba zikaanguka, na viwanja vikabaki mahame.

Spirn alipolinganisha ramani za kale na za kisasa, aligundua kwamba mahame mengi yalifuata mkondo wa kijito kilichozikwa. Kumbe uchakavu uliodhaniwa kuwa wa umaskini pekee ulikuwa na chanzo kingine ardhini. Alipendekeza viwanja hivyo vitengenezwe kuwa mahali pa kupokea maji ya mvua na wakati huo huo pawe bustani za wakazi.

Wakuu wa jiji hawakumsikiliza mara moja. Alichofanya ni kuingia darasani katika shule moja ya mtaani humo, ambako yeye na wanafunzi wake wa chuo waliwafundisha watoto kusoma ramani za mtaa wao wenyewe. Watoto walioambiwa siku zote kwamba wanatoka mahali pabaya walianza kueleza kwa ushahidi jinsi mahali hapo palivyoharibiwa na jinsi pangeweza kutengenezwa. Mwaka 2000, Rais Bill Clinton aliitembelea shule hiyo. Mwaka 2011, jiji la Philadelphia lilianza mpango wa miaka 25 wa kuacha ardhi na mimea ipokee maji ya mvua, njia ambayo Spirn alikuwa ameipigania kwa muda mrefu. IFLA ilimpa tuzo ya Jellicoe mwaka 2018.

McHarg alimfundisha Spirn, Spirn akawafundisha wanachuo, nao wakawafundisha watoto. Kila tuzo iliyotolewa katika mnyororo huo iliwaongezea sauti watu ambao wakuu wa jiji walikuwa wamezoea kuwapuuza.

Mtoto aliyeokolewa na matete

Mfano mwingine unatoka Uchina. Kongjian Yu alizaliwa mwaka 1963 katika kijiji cha mkoa wa Zhejiang. Alipenda kusimulia jinsi alivyotumbukia mtoni utotoni wakati wa mafuriko, akaokolewa na matete na miti ya ukingoni ambayo ilipunguza kasi ya maji na kumpa kitu cha kushika. Alipohitimu shahada ya udaktari Harvard mwaka 1995 na kurejea kwao, alikuta mito ya utoto wake ikijengewa kuta za saruji.

Yu alifundisha katika Chuo Kikuu cha Peking, akahutubia mameya, na mwaka 2003 akachapisha kitabu kilichowalenga. Hoja yake ilikuwa kwamba mji unapaswa kuwa kama sifongo: unywe maji ya mvua, uyahifadhi na kuyaachilia polepole. Wengi walimbeza. Kisha mafuriko ya Julai 2012 yakaua watu 79 jijini Beijing, na miaka michache baadaye serikali ikachagua miji 16 ya kwanza ya kujaribu wazo hilo. Yu alipata tuzo ya Jellicoe mwaka 2020 na ile ya Oberlander mwaka 2023. Alifariki Septemba 2025 katika ajali ya ndege nchini Brazil.

Mgema akisifiwa

Hata hivyo, wahenga walionya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tuzo nazo zina kasoro zake.

Kwanza, ni rahisi majaji kuvutiwa na picha. Mchoro uliopakwa rangi za kuvutia hushinda kwa urahisi kuliko mtaro usio na sura unaofanya kazi yake sawasawa. Mwanafunzi anayejua hivyo hujifunza kuchorea majaji badala ya kuchorea wakazi.

Pili, sifa haithibitishi kwamba wazo litafaulu kila mahali. Mji wa Zhengzhou nchini Uchina ulikuwa umewekeza katika mpango wa miji ya sifongo, lakini mvua kubwa ya Julai 2021 iliufurika na kusababisha vifo vya mamia ya watu katika mkoa huo. Waliotetea mpango walisema mvua ile ilipita kiasi chochote kilichotarajiwa. Waliopinga walisema fedha zilitumika vibaya. Ubishi wa aina hiyo hauwezi kumalizwa kwa nishani ila kwa vipimo.

Ndiyo sababu utafiti wa kurudi nyuma unapata heshima zaidi sasa. Wakfu ule ule unaotoa tuzo za Olmsted huwaunganisha wahadhiri na wanafunzi na kampuni za usanifu ili warudi katika bustani zilizokwisha kujengwa wakapime: maji kiasi gani yamezuiwa, joto limepungua nyuzi ngapi, ni watu wangapi hupumzika hapo. Mwanafunzi anayepima kazi ya mwenzake na kukuta haikufaulu ametoa mchango mkubwa kama aliyebuni mpya.

Somo kwa Kenya

Kenya ina mifano yake. Huko Bamburi, Mombasa, uchimbaji wa mawe ya chokaa kwa ajili ya saruji ulikuwa umeacha jangwa jeupe lenye maji ya chumvi. Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo na bustani mzaliwa wa Uswisi, alianza kupanda miti humo. Mingi ilikufa, lakini mivinje ikastahimili. Majani yake yalipokataa kuoza, aliwaleta jongoo wayale na kuyageuza udongo. Umoja wa Mataifa ulimtunuku kupitia orodha yake ya heshima ya Global 500 mwaka 1987, miaka 16 baada ya mche wa kwanza. Leo watoto wa shule hutembezwa katika msitu huo, na wengi hawaamini kwamba palikuwa shimo.

Kibera nayo imekuwa darasa. Mwaka 2006, kundi la wanafunzi wa Harvard waliokuwa wakisomea usanifu wa mandhari, majengo na upangaji wa miji waliunda shirika la Kounkuey na kuanza kazi kandokando ya vijito vya mtaa huo. Pamoja na wakazi, wamejenga maeneo ya umma yenye kumbi, vyoo, viwanja vya watoto na kuta za mawe zinazozuia maji yasimege kingo. Kilichoanza kama kazi ya wanachuo kimedumu miaka mingi kuliko masomo yao.

Swali linalobaki ni nani humtambua mhadhiri wa humu nchini anayewapeleka wanafunzi wake mtoni wakiwa wamevaa gambuti, au msichana wa mwaka wa nne aliyechora namna ya kuponya bonde la nyumbani kwao. Tuzo za ng'ambo ni nzuri, lakini majaji wake hawajawahi kuruka mtaro uliofurika wakienda kazini. Tuzo ya kienyeji inaweza kuweka vigezo vinavyolingana na mahitaji ya hapa: je, wazo linaweza kujengwa kwa mawe na mikono iliyopo? Je, wakazi walishirikishwa kabla ya kalamu kugusa karatasi? Na je, majaji walirudi baada ya mvua tatu za masika kuona kama kazi imesimama?

Tuzo ya namna hiyo haihitaji mamilioni. Barua rasmi ya pongezi kutoka kwa kaunti, nafasi ya mafunzo kazini, au ruzuku ndogo ya kujenga kipande kimoja cha mchoro ulioshinda inaweza kumfanya kijana abaki katika taaluma na kumfanya mzazi aache kuuliza kama mwanawe amekwenda chuo kikuu kusomea kupanda maua.

Jina Nairobi lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yanayomaanisha maji baridi. Walioupa mahali hapa jina hilo waliyaona maji kabla ya kuona kitu kingine chochote. Mito ya Nairobi, Ngong na Mathare ingali inapita ilikopita wakati huo, na kila masika huwakumbusha wakazi haki yake ya njia. Wako walimu na wanafunzi wanaojifunza kuisikiliza. Mcheza kwao hutuzwa, nao wanasubiri kuona kama kwao kuna anayewatazama.